Kikundi cha Ukoo wa Kuze: shemeji na vita vyake

Zuhura: Asalaam aleikum. Leo darasa letu lilikwenda Ngomeni, Fort Jesus ya Mombasa. Tumeambiwa ilipoanza kujengwa 1593, mfalme wa Ureno alikuwa Mhispania. Mjomba, ni kweli?

Mjomba Salim: Waaleikum salaam. Kweli, Philip II. Mfalme wa Ureno alikufa 1580 hana mtoto, Philip akaleta jeshi akachukua. Na zamani kabla ya hapo alishakuwa mfalme wa Uingereza.

Kassim: Uingereza tena?? 😂

Mjomba Salim: Kwa kuoa. 1554, malkia Mary I. Bwana 27, bibi 38.

Bi Rukia: Umri si neno. Masharti yalikuwaje?

Mjomba Salim: Hapo ndipo penyewe, dada. Waingereza waliandika mkataba. Ataitwa mfalme, lakini nchi yao isiingizwe katika vita vya Hispania na Ufaransa. Na mke akifa bila mtoto, yeye hana chake pale.

Bi Rukia: Wazee walikuwa na akili hao.

Kassim: Akatimiza?

Mjomba Salim: Mwaka wa pili alishaondoka, bibi kabaki na barua. Machi 1557 huyo, karudi. Mary akafurahi, kumbe mume kafuata askari na pesa.

Zuhura: Si kulikuwa na baraza?

Mjomba Salim: Lilikataa. Lakini Aprili Mwingereza mmoja, Thomas Stafford, alivuka kutoka Ufaransa akateka ngome ya Scarborough, huko huko Uingereza, siku chache. Sababu ikapatikana. Juni vita vikatangazwa, Julai bwana akaenda zake. Hakurudi tena.

Bi Rukia: Mgeni njoo mwenyeji apone! Huyu mwenyeji alipona nini?

Mjomba Salim: Subiri. Papa mwenyewe, Paul IV, alikuwa upande wa Ufaransa. Mary anachoma watu moto kwa ajili ya dini ya Papa, mumewe anapigana na Papa.

Kassim: 🙆🏾‍♂️

Mjomba Salim: Waingereza kama 7,000 walipelekwa Saint-Quentin, mji wa Ufaransa. Pigano kubwa la 10 Agosti walilikosa, wakawahi kuuteka mji tu. Sifa akachukua Philip, ndiyo akajenga jumba la El Escorial. Wafaransa kulipiza wakangoja Januari 1558, wakaingia Calais.

Kassim: Calais ndiyo nini?

Mjomba Salim: Bandari ng'ambo ya bahari, Waingereza waliishika tangu 1347. Soko lao la sufu lilikuwa pale. Ilianguka kwa siku chache. Novemba Mary naye akafa.

Zuhura: Na Philip akaoa tena?

Mjomba Salim: Juni 1559. Binti wa mfalme wa Ufaransa.

Bi Rukia: Wa yule yule adui???

Mjomba Salim: Yule yule, Henri II. Walipatana Aprili, binti akawa sehemu ya mapatano. Calais ikabaki kwa Wafaransa.

Bi Rukia: Laa haula! Yaani wao wameshapatana na wamekuwa wakwe, bandari ya watu imekwenda!

Bi Rukia: Salim. Hawa wa posa ya Jumamosi, si ndio wana ugomvi wa kiwanja na jamaa zao? Au naota?

Kassim: Huoti. Kesi iko kortini.

Bi Rukia: Zuhura, mwambie mamako asikate vitambaa bado. Nakuja baada ya Isha.