Januari 1964 Zanzibar: umma uliinuka, au ulivamiwa?

Mtoto wa Ng'ambo: Kila ikikaribia Januari 12 tunarudi palepale. Kuna wasemao wananchi waliinuka, kuna wasemao watu wa bara walivuka bahari wakatupindua. Mie nasema wananchi. Uchaguzi wa Julai 1963 Afro, yaani chama cha Afro-Shirazi, walipata asilimia 54 ya kura, wakaambulia viti 13 kati ya 31. Hizbu (chama cha ZNP) na chama cha ZPPP wakaungana, wakaunda serikali. Watu wangekaa kimya mpaka lini? Unguja ikasimama. Wapemba walilala usingizi wao, wakaamka mambo yamekwisha.

Mkaazi wa Msuka: Walilala? Hebu rudia hapo. Huyo Okello wenu, Mganda aliyejitangaza kiongozi wa mapinduzi, alifikia Pemba kwanza, akafanya uashi kwetu, kabla hajaja Unguja. Mlimjua lini nyinyi?

Maalim Sharifu: Tusiliache swali, jamani. Tazameni silaha. Zanzibar haikuwa na jeshi, polisi tu, na serikali ya waziri mkuu Shamte ilishawaachisha kazi askari wa asili ya bara. Watu wakaenda Ziwani, kwenye kambi ya polisi, usiku na mapanga, mikuki na pinde, wakatoka na bunduki za serikali yenyewe. Mvamizi huja na bunduki zake.

Mjukuu wa Muscat: Maalim, kwa heshima yako, bunduki zilitoka wapi hainishughulishi. Wamanga, Waarabu wa kutoka Omani, waliouliwa mashambani walikuwa wakiuza chumvi na mafuta ya taa, hawakuwa na kiti serikalini. Bibi yangu yuhai baada ya usiku ule kwa kuwa jirani yake, mwana Afro wa kufa, alimtia chumba cha kuni akaketi mlangoni na kinu chake, akitwanga kitu kisichokuwemo, ili wapitao wasisikie mtoto akilia. Mkisema umma, huyo mama naye ni umma. Na waliokuwa wakipita njiani je?

Mtoto wa Ng'ambo: Dada yangu, pole, na Mungu amlipe mama huyo. Lakini tusisahau sultani naye. Jamshid katukalia miaka yote ile.

Maalim Sharifu: Miaka gani? Jamshid kakalia kiti Julai 1963, alipofariki baba yake. Miezi sita na siku chache, kisha akapanda meli. Sema ukoo, hapo tutaelewana. Na Juni 1961, watu 68 walipouliwa kwenye ghasia za uchaguzi, Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala.

Mkaazi wa Msuka: Mnazunguka, sijajibiwa. Shamte, waziri mkuu mliyempindua, alikuwa Mpemba. Viti vingi vya Pemba vilikwenda upande wake, na kura yetu nayo ilikuwa kura. Baada ya Januari tukachapwa bakora hadharani, wazee wenye ndevu nyeupe, wakwe zao wakitazama. Ndio usingizi huo?

Kijana wa Kwahani: Hapo kwa Okello mie sipaelewi. Redio ilikuwa mkononi mwake, nchi nzima ikimsikiliza akitisha kwa Kiswahili chake cha Uganda. Machi 1964 Karume, kiongozi wa Afro, na wenzake wakamkatalia kurudi visiwani. Mtu anaipindua serikali, miezi miwili baadaye hana pa kulala katika nchi aliyoipindua! Aliyemfukuza alikuwa na nguvu gani Januari, na alikuwa wapi usiku ule?

Mtoto wa Ng'ambo: Karume usimguse. Na wewe Msuka, bakora hazikuwa za Pemba peke yake. Mnajifanya nyinyi tu ndio mlioumia.

Mkaazi wa Msuka: Nitajie kijiji kimoja cha Unguja ambako mzee wa miaka sabini alilazwa chini akachapwa mbele ya mkwewe. Kimoja tu. Nangoja.

Maalim Sharifu: Jamani, swali lilikuwa umma.

Mkaazi wa Msuka: Maalim, nimeuliza kijiji.