Kuhama na mwenzangu bila ndoa na aliwahi kufungwa: Kanada, Uingereza au tuvuke tu Kenya?

nesi_jinja
Habari zenu jamani. Mi ni nesi, nakaa Jinja, Uganda, na mwenzangu tangu 2021, chumba kimoja sufuria moja, ila ndoa hatujafunga na kwanjula (utambulisho wa kimila kwa wazazi) haijafanyika, mambo ya familia hayo siyaleti hapa. Shida ni kwamba 2019 alipigana baa, yule mtu akavunjika jino, kesi ikafika kortini akala miezi minane, akamaliza 2020. Tangu hapo hajagombana na mtu. Sasa nataka kutoka na sitaki kumwacha. Nimepima tatu: Kanada, Uingereza, au tuvuke tu Kenya. Kuna wakala ameniambia "kesi usiitaje, watajuaje". Nyie mnaonaje?

kijana_arua
Kanada dada, usiumize kichwa. Kule bila ndoa mnakubaliwa, mwaka mmoja wa kukaa pamoja mfululizo unatosha, mnaapa hati ya kiapo na kuonyesha ushahidi wa kukaa pamoja. Uingereza wanataka uhusiano wa miaka miwili. Na miezi minane ni kitu gani, kesi ya zamani hiyo.

dada_calgary
Kwa mwaka mmoja uko sawa kijana wangu, ila kwa kesi unampoteza mwenzio. Huku Kanada hawaanzi na miezi aliyokaa ndani, wanachukua kosa lake wanaliuliza: lingefanyika huku Kanada lingeitwaje na adhabu yake ya juu kabisa ni miaka mingapi? Kumpiga mtu kofi tu ni shambulio la kawaida, juu kabisa miaka 5. Lakini jino limevunjika, hilo huku ni shambulio la kudhuru mwili, juu yake ni miaka 10, na kuanzia 10 wanaliita kosa zito hata kama kwetu Uganda hakimu alimpa wiki mbili. Kosa jepesi likiwa moja tu, miaka 10 ikipita tangu umalize adhabu unaweza kuhesabiwa umejirekebisha bila kuomba. Zito halina huo msamaha, lazima aombe mwenyewe rasmi kutambuliwa amejirekebisha, anaruhusiwa baada ya miaka 5 tangu amalize, na ada yake inapita dola elfu moja za Kanada, na majibu hayaji haraka. Kwa hiyo nesi, kabla ya yote katafute karatasi ya mashtaka usome imeandikwa neno gani, hayo maneno ndiyo watakayoyalinganisha.

Na kitu ambacho wengi hawajui, ukiomba ukaazi wa kudumu lazima umtaje hata kama unamwacha Jinja, na kesi yake inaweza kukuzuia wewe uliye safi. Ukimficha halafu baadaye utake kumleta, mlango huo umeshaufunga kwa mkono wako.

kijana_arua
Duh. Sikujua bambi.

mama_leeds
Mi niko Uingereza kwa viza ya kazi za afya, nilimleta wangu na sisi pia hatukuwa na cheti cha ndoa. Huku hesabu iko kinyume na ya Kanada, wanaangalia alihukumiwa kifungo cha muda gani. Miezi 12 au zaidi, wananyima, hakuna kujadili sana. Chini ya miezi 12 inabaki mikononi mwa afisa, anaweza kukataa anaweza kupitisha, anatazama muda uliopita na mtu amekuwaje tangu hapo. Miezi minane ya huyo bwana iko upande wa matumaini, sisemi ni uhakika.

Ila angalia unaingia kwa kazi gani. Ukija kama nesi kamili unaweza kumleta. Ukija kama mhudumu wa kutunza wazee, hao walizuiwa kuleta familia tangu Machi 2024, na mlango wenyewe wa kuajiriwa kutoka nje ulifungwa Julai 2025, kwa hiyo wakala yeyote anayekuuzia hiyo kazi leo mkimbie. Uzuri wa viza ya afya hamlipi ile ada ya matibabu, wewe wala yeye. Wengine wanalipa pauni 1,035 kwa mtu mzima kila mwaka!

Ushahidi wa kukaa pamoja ndio uliotuchosha. Barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji) peke yake haitoshi, wao hawamjui mwenyekiti wako. Sisi mkataba wa nyumba ulikuwa na jina langu tu, basi tukatoa risiti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zikiwa na jina lake na bili za maji zikiwa na langu, ploti ileile moja, pamoja na mobile money alizokuwa ananitumia kila mwisho wa mwezi akiandika "rent" kwenye sababu. Tulipanga kwa tarehe toka ya zamani. Picha za harusi za watu wengine tukiwa tumesimama pamoja tuliweka chache tu.

jirani_ntinda
Kwani si mfunge ndoa tu? URSB (ofisi ya serikali ya usajili) mnapeleka taarifa, inabandikwa siku 21, mnafunga, mmemaliza. Mnateseka na risiti za umeme kwa nini ssebo.

dada_calgary
Ndoa itakusaidia kwenye swali la "huyu ni nani wako". Swali la "alifanya nini" linabaki palepale, cheti hakifuti kesi.

mzee_busia
Wanangu mnaenda mbali sana. Kenya mnavuka na kitambulisho cha taifa, na kibali cha kazi kwa sisi wa Afrika Mashariki hakina ada. Na la muhimu, pale huombi kama "mwenza wa fulani", kila mtu anaomba kibali chake kwa kazi yake, kwa hiyo hakuna wa kuwauliza mmeoana au la. Nesi utahitaji kusajiliwa na baraza la manesi la kule, na huyo kijana kama ni fundi akatafute mwajiri. Pesa si ya Leeds, lakini mama akiugua unapanda basi jioni asubuhi uko nyumbani.

nesi_jinja
Ni fundi wa kuchomelea mzee wangu, asante. Mbona hakuna aliyetaja Dubai? Na nauliza tena ile ya wakala, kama Interpol, wale polisi wanaotoa cheti cha tabia njema, hawana faili lake?

mama_leeds
Dubai kumdhamini kama mume wanataka cheti cha ndoa kilichothibitishwa, risiti za Yaka hawana habari nazo.

Kuhusu wakala, fomu inauliza kama umewahi kuhukumiwa nchi yoyote. Ukiandika hapana na ikajulikana, unanyimwa na kufungiwa miaka 10 Uingereza. Miezi minane inasameheka, uongo ndio hausameheki. Wakala ameshakula pesa yake, atabadilisha laini.

dada_calgary
Kanada ni miaka 5 kwa uongo. Na cheti cha tabia njema cha Interpol hata kikitoka safi, swali la fomu halijabadilika, linauliza ulihukumiwa, haliulizi cheti kinasemaje.

nesi_jinja
Basi naona Uingereza kama nesi ndiyo ya kwanza, Kenya tunaiweka pembeni, Kanada tutaangalia akishaomba hiyo ya kujirekebisha. Wiki ijayo tunaenda kortini kutafuta hukumu. Tunaomba nini hasa?

mzee_busia
Nakala iliyothibitishwa ya karatasi ya mashtaka na ya hukumu, ziwe na muhuri wa korti na sahihi ya afisa wa korti. Nenda na namba ya kesi, bila namba utakaa kwenye benchi mpaka jioni. Na kama gereza walimpa karatasi ya kutoka, tafuteni hiyo pia, ndiyo inayoonyesha tarehe aliyomaliza.

kijana_arua
Chukua nakala tatu tatu dada, photokopi ya nje ya geti haina muhuri.

nesi_jinja
Karatasi ya kutoka anayo, kaiweka ndani ya Biblia ya mama yake. Asanteni, nitaleta majibu ya korti hapa.