Wapiga mbizi wa sifongo Ugiriki: kwa nini walikubali vazi lililowaua?

Msoma_Usiku:
Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za visiwa vya Symi na Kalymnos, ambako karne ya 19 watu waliishi kwa kuvuna na kuuza sifongo, zile laini za kuogea zinazoota chini ya bahari. Kuna jambo haliniingii akilini. Tangu enzi za kale walizama uchi na jiwe mkononi. Mwaka 1863 likafika Symi vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba, na baadaye vijana wakaanza kufa na kupooza. Takwimu inayonukuliwa sana ni wafu 10,000 na vilema 20,000 kati ya 1886 na 1910. Kwa nini hawakulitupa? Walikuwa hawaoni?

Mwanamji:
Waliona sana, mkuu. Watu walilalamika hadi mwaka 1882 Sultani wa Uthmaniya, aliyekuwa na mamlaka juu ya visiwa hivyo, akalipiga marufuku. Marufuku haikudumu. Ulaya ilitaka sifongo, na wenye fedha walitaka vazi.

Fundi_Kofia:
Nimefanya kazi ya kuzamia kwa kofia na mpira wa hewa, kukagua nguzo za magati na matumbo ya meli, kwa hiyo swali hili linanigusa. Ndugu, ili uelewe lazima uanzie kwenye jiwe.

Mzamiaji wa zamani alishika jiwe bapa la zaidi ya kilo 10 lililofungwa kamba. Anajaza kifua, anajirusha, jiwe linamshusha mbio hadi mita 30 hivi. Anakata sifongo, anazitia kwenye wavu, anatikisa kamba, wenzake wanamvuta juu. Yote hayo kwa dakika chache tu. Pumzi ikiisha, kazi imeisha, na hewa pekee iliyomo mwilini ni ile aliyoondoka nayo juu. Nitrojeni, gesi iliyojaa kwenye hewa tunayovuta, inayoingia kwenye damu ni kidogo. Pumzi yake ndiyo iliyokuwa mlinzi wake, na hakuna aliyejua.

Vazi likaondoa kikomo hicho. Watu wanazungusha pampu mashuani, hewa inashuka bila kukatika, na kadiri unavyokwenda chini ndivyo unavyovuta hewa iliyogandamizwa zaidi. Kaa nusu saa kwenye mita 40 na mwili umeshiba nitrojeni. Ukipanda taratibu, inatoka kwa mapafu. Ukipanda kwa pupa, inageuka mapovu humo humo mwilini: kwenye magoti, kwenye mabega, na baya kuliko yote, kwenye uti wa mgongo.

Na kule chini huumwi! Hili ndilo watu wa nchi kavu hawalielewi. Unafika juu mzima, unavuliwa kofia, unazungumza na wenzako, kisha miguu inaanza kufa ganzi. Mimi wakati wa kupanda nilikuwa naning'inia kwenye kamba mita tisa, halafu sita, halafu tatu, baridi imeniingia mifupani, nikiitazama saa na mwili wote ukitaka kutoka. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa na jedwali la kupanda, linaloonyesha usubiri dakika ngapi kwenye kila kituo, na msimamizi aliyeliheshimu. Kijana wa Kalymnos hakuwahi kuambiwa kwamba kuna kusubiri.

Msoma_Usiku:
Asante sana, fundi. Lakini sayansi haikuwepo kabisa wakati huo?

Fundi_Kofia:
Ilikuwepo, ndiyo inayoniuma. Paul Bert, Mfaransa, alieleza habari ya mapovu ya nitrojeni mwaka 1878 na akasema mtu apandishwe polepole. Majedwali ya kupanda kwa vituo yalitolewa na John Scott Haldane na wenzake huko Uingereza mwaka 1908, baada ya majaribio kwa mbuzi. Hesabu mwenyewe hiyo miaka 30.

Na hata kama nahodha angelijua, angesubiri? Mzamiaji alilipwa sehemu kubwa ya ujira kabla ya safari, wenyewe waliita platika. Aliiachia familia, akalipa madeni, nyingine akaitumia kwa fujo, kwa kuwa hakuwa na hakika ya kurudi. Baada ya Pasaka mashua ziling'oa nanga kuelekea pwani ya Afrika Kaskazini, na kuanzia hapo alikuwa mdaiwa. Sifongo za maji ya kina kifupi zikivunwa zikaisha, anafuata za kina kirefu. Nahodha naye amekopa kwa mfanyabiashara. Kila dakika ya kuning'inia kwenye kamba ni dakika ambayo mwenzake hajashuka. Mimi siwezi kuwalaumu wale vijana hata kidogo.

Mwanamji:
Niongezee mfano. Mwaka 1900 nahodha Dimitrios Kondos na wapiga mbizi wake wa Symi walijificha dhoruba karibu na Antikythera. Elias Stadiatis akashuka na vazi, akarudi ametaharuki, akidai ameona miili ya watu. Zilikuwa sanamu za merikebu ya kale. Serikali ikawapa kazi ya kuziopoa. Mmoja akafa, wawili wakapooza. Makumbusho ya Athens yanajivunia vitu vile hadi leo.

Msoma_Usiku:
Kwa hiyo wangebaki na jiwe wangepona, sivyo? Au biashara ingekufa?

Fundi_Kofia:
Wengi wangepona. Na usidhani wa jiwe walikuwa dhaifu: mwaka 1913, pale Karpathos, Haggi Statti wa Symi aliifikia nanga iliyopotea ya manowari ya Kiitalia Regina Margherita kwa pumzi moja, zaidi ya mita 70. Lakini mtu wa jiwe hushuka, hukata sifongo chache, hupanda kupumzika. Wa vazi hutembea chini na kujaza wavu. Sokoni sifongo zote ni bei ile ile, hakuna mnunuzi aliyeuliza imetolewa vipi. Mwenye mashua za jiwe alikuwa anashindana na mtu aliyekuwa tayari kupoteza watu wake kila msimu, na kwa hesabu hiyo alishindwa.