PS4 inalodi pole pole: niweke SSD (diski isiyozunguka), ninunue Xbox Series S, ao PS5 ya okazyo (iliyotumika)? (Lubumbashi)

MwanaKamalondo
Jambo wakubwa. Lodingi za michezo zimenichosha. Unafungua mlango, unangoja, unaingia chumba cha hatua kumi, mlango mwingine, unangoja tena. Mwisho wa mwezi nataka kutoa pesa na niko na njia tatu: kutia SSD kwenye PS4, kuiuza ninunue Xbox Series S, ao kuongeza juu yake nipate PS5 ya okazyo. Ipi iko muzuri?

FundiKatuba
Mwenzetu, umeomba dawa bila kusema unaumwa wapi. PS4 gani: ile ya kwanza, Slim ao Pro? Michezo gani? Uko na sahani (CD za michezo) ao unapakua? Bajeti? Kuna ondilere (betri ya kushika umeme ukikatika)? Usiposema, kila mtu hapa atakuuzia kile anachokipenda yeye.

KipushiX
Series S. SSD ya GB 512, inakula wati 80 hivi, inaingia kwenye mkoba. Tumemaliza.

DadaNguba
Hatujamaliza. Series S haina mahali pa kuingiza sahani. Kama ana sahani za PS4 zinabaki mapambo ya ukuta. Na kwa zile GB 512, zinazobaki kwa michezo ni kama 364 tu. Mchezo mkubwa mmoja unakula kati ya 60 na 100. Hata huku kwetu Bukavu nani anapakua GB 100 kwa giga za simu?

KipushiX
Anapakua usiku, forfe (giga) ya usiku ni bei rahisi.

DadaNguba
Forfe ya usiku na delestaji (kukatwa umeme) ya usiku. Piga hesabu mwenyewe.

MwanaKamalondo
Samahani. Ni Slim ya GB 500. Sahani ziko karibu ishirini. Mkononi niko na dola 100, nikiuza PS4 nitafika labda 250. Michezo: mpira, GTA, na ile ya zamani ya kujificha na kupeleleza.

FundiKatuba
Sasa tunaweza kuongea.

Diski iliyo ndani ya Slim inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Kila faili iliyo mahali pengine, kichwa cha kusoma kinasogea halafu kinangoja sahani ya ndani ya diski izunguke: karibu milisekunde 15. Mchezo ukiomba vipande 2,000 vilivyotawanyika, hiyo ni nusu dakika ya kusogea tu, hata kabla ya kuhesabu kusoma. SSD inafanya kazi hiyo kwa sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Ndiyo sababu diski iliyojaa hadi juu inalodi vibaya zaidi: vipande vinatawanyika.

Lakini usidanganywe kwamba itakuwa PS5. Data ya mchezo imebanwa, na prosesa ya PS4 (viini 8 vya Jaguar, 1.6 GHz) ndiyo inaifungua. Ukiondoa kizuizi cha diski unakutana na kizuizi cha prosesa. GTA na michezo yenye ulimwengu mpana utaona tofauti kubwa. Mpira, tofauti ndogo.

Na hauna haja ya kufungua mashine. Tangu programu ya mfumo 4.50 ya mwaka 2017, PS4 inakubali diski ya nje ya USB 3.0, kuanzia GB 250 hadi TB 8. Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5 na kasha lake la USB 3.0, ichomeke moja kwa moja, bila habu (kigawanyo cha USB). Ingia mipangilio, sehemu ya vifaa, vifaa vya hifadhi vya USB, uifomati kama hifadhi ya ziada. Kila kilichokuwa ndani yake kitafutika. Kisha hamisha michezo. Sevu (mahali ulipofika kwenye mchezo) zinabaki ndani ya PS4, usizitafute kule. Na usichomoe waya kabla ya kuiambia mashine iache kuitumia.

Turnevisi
Mimi sikubali ya nje. Waya unaning'inia, mtoto anapita, mchezo unakufa. Weka ndani, kazi ya dakika ishirini pamoja na chai:

Kwanza linganisha trofe na seva, kwa maana hazimo kwenye beki-api (nakala ya akiba). Fanya beki-api kwenye diski ya USB. Zima kabisa, si kulaza. Nyuma ya Slim kuna kifuniko kidogo cha kona, kinateleza nje. Toa skrubu moja, ile yenye alama za vitufe vya maneti (ile ya kushika mkononi ukicheza), vuta kitanda cha diski, toa skrubu nne, badilisha. Unene usipite mm 9.5.

Halafu fleshi ya USB iliyofomatiwa kwa FAT32: folda PS4, ndani yake UPDATE, ndani yake faili PS4UPDATE.PUP, herufi kubwa zote. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanachukua faili ndogo ya kusasisha. Diski mpya haina kitu, inataka faili nzima ya kusakinisha upya, inayofika karibu GB 1. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 7 mpaka mlio wa pili, chomeka maneti kwa waya (bila waya haisikii), chagua namba 7 kwenye orodha ya hali salama.

FundiKatuba
Yote kweli, lakini umesahau kumwuliza kama PS4 yake imekrakiwa (imevunjwa ulinzi). Kama ndiyo, faili iwe ya toleo lile lile lililokuwamo. Akiweka jipya, krako imekwenda na hairudi.

MwanaKamalondo
Haijakrakiwa. Kuna mtu kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anatoa SSD ya nje ya TB 2 kwa dola 25. Nichukue?

DadaNguba
Usiguse! Hiyo ndiyo takataka inayoletwa kwangu kila wakati. Ya mwisho ilikuwa na kasha zuri la chuma, imeandikwa TB 2. Ndani: kadi ndogo ya memori imebandikwa kwa gundi kwenye kisomeo cha USB, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito ili mkono udanganyike. Kidhibiti kimebadilishwa kitangaze TB 2, lakini memori ya kweli ilikuwa GB 64. Na shida haionekani siku ya kwanza. PS4 ikaifomati bila neno, mwenyewe akahamisha mchezo wa kwanza, ukacheza. Alipohamisha wa pili, GB 64 zikajaa, kidhibiti kikaanza kuandika juu ya data ya kwanza huku kikijibu kwamba kila kitu kiko sawa. Mchezo wa kwanza ukasema data imeharibika. Akaufuta, akaupakua upya kwa giga zake, ukaharibika tena. Akalaumu PS4, akalaumu intaneti, akabadilisha hata waya. Mpaka tulipoipima.

Kupima: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux F3. Inaandika diski nzima halafu inasoma ilichoandika. Ya kweli inarudisha yote. Fanya mbele ya muuzaji hata kama ni GB 100 za mwanzo. Akikataa, umekwisha kupata jibu.

KipushiX
Ndiyo maana ninasema Series S, diski yake haitakuwa ya uongo.

MzeeRuashi
Vijana, munachanganya mambo mawili. Lodingi ndefu ni kasi ya diski na prosesa. Vyumba vidogo ni memori. SSD inaponya ya kwanza, ya pili haigusi kabisa.

Mfano wa mchezo wa zamani wa kupeleleza: Deus Ex: Invisible War, ijapokuwa huo haukutoka kwa PS4. Ulitoka 2003 kwa kompyuta na Xbox ya kwanza pamoja. Ile Xbox ilikuwa na MB 64 za memori, prosesa na picha zikigawana. Taa na vivuli vya papo kwa papo vilikula sehemu yao, kilichobaki ni ramani za vyumba viwili vitatu na korido. Kompyuta zikapewa ramani zile zile zilizokatwakatwa, ijapokuwa zilikuwa na memori zaidi. Mbaya zaidi, kwenye kompyuta kila ukivuka mlango wa lodingi programu inajifunga na kujifungua upya. Thief: Deadly Shadows ya 2004 ilirithi tabia hiyo hiyo. Leo uweke SSD ya kifalme, mlango ule bado uko pale pale, umechorwa ndani ya mchezo.

KipushiX
Basi walikuwa wavivu. Resident Evil ya 1996 nayo ilikuwa na milango, lakini ilikuonyesha mlango ukifunguka, unaogopa badala ya kuchoka.

MzeeRuashi
Si uvivu, ni hesabu. Na kama unashangaa kwa nini wachache waliweka mchezo mdogo wa kuchezea wakati wa kungoja: kampuni ya Namco walikuwa na hataza (haki ya uvumbuzi) ya jambo hilo Marekani, ikaisha 2015. Wakati huo diski zilikuwa zimeanza kukimbia.

Turnevisi
Lakini hata GTA si diski kila mara. Ile ya mtandaoni kwenye kompyuta, 2021, mtu wa nje aligundua kwamba mchezo unasoma orodha ya bidhaa 63,000, faili ya MB 10 hivi, kwa njia ya kijinga: kwa kila neno unapima upya urefu wa faili yote. Lodingi yake ikashuka kutoka dakika 6 hivi hadi chini ya 2. Kampuni ikamlipa dola 10,000 na kusahihisha. Miaka watu wananunua SSD kwa kosa la msimbo!

MwanaKamalondo
Asanteni. Nilisahau kusema: PS4 ziko nne, ni za sale (chumba) ya michezo ya kulipia. Watoto wanalipa kwa mechi.

FundiKatuba
Yaani jambo hili linakuja sasa?! Tungeongea kingine kabisa. Ukilipisha kwa mechi, lodingi ni hasara yako. Ukilipisha kwa saa, ni hasara yao. Na mpira ndio niliosema SSD inausaidia kidogo. Kabla ya kununua nne, nunua moja, pima kwa saa ya simu kutoka kuchagua timu hadi mpira kuanza, linganisha na mashine ya pembeni.

DadaNguba
Kwa sale ningeweka pesa kwenye ondilere kwanza. Umeme ukikatika mashine ikiandika, utakuwa unaingia hali salama, namba 5, kujenga upya hifadhidata, na wateja wamesimama. Ondilere ya VA 650 ina betri ya V 12, Ah 7, yaani Wh 84 kwenye karatasi. Slim ya wati 90 na televisheni ya 40: robo saa, pungufu. PS5 inayofika 200, dakika chache tu za kuzima vizuri.

KipushiX
Series S ni wati 80, nimesema tangu juu.

Turnevisi
Na vumbi la kiangazi? Fungua feni kabla ya Juni.

MwanaKamalondo
Moja ya PS4 inapiga kelele kama lori lililopanda hadi mpaka wa Kasumbalesa. Ni pasta ya joto ao feni yenyewe? Na betri ya ondilere Ah 9 inaingia mahali pa Ah 7?

DadaNguba
Pima urefu wa kasha kwanza, mara nyingi ni sawa. Weka hapa picha ya vichwa vya betri vinavyoshika waya.