Umahiri wa isimu Dar: kusoma tumemaliza, sasa tunalipishwa kusubiri

Wakuu, heshima yenu.

Nimevumilia mpaka nimechoka, leo naandika. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar, nilijiunga na umahiri (shahada ya pili) wa isimu, yaani taaluma ya lugha, kwenye chuo kimoja hapahapa jijini, jina nalihifadhi. Masomo ya darasani nilimaliza, data nilikusanya, tasnifu nimeandika kuanzia sura ya kwanza mpaka viambatisho. Sijahitimu. Na wiki hii nimetumiwa tena namba ya malipo ya "ada ya kuongeza muda". Muda upi ninaoongezewa wakati tasnifu iko mezani kwao?

Najua wapo watakaosema masharti tuliyajua tangu mwanzo. Haya, tuyaangalie. Kuingia, walitaka shahada ya kwanza yenye GPA (wastani wa alama) isiyopungua 2.7 kati ya 5. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unataka shahada ya umahiri iwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: vipindi, kujisomea, utafiti, kuandika, mitihani, vyote humo. Hiyo ni saa 1,800. Kwa mtu anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni wiki 45 tu. Sisi tulipewa miaka miwili kwa sababu wengi tunafanya kazi, na hiyo miwili ingetosha kabisa. Haitoshi kwa kuwa sehemu kubwa yake inaliwa na kusubiri, na kusubiri hakumo kwenye krediti yoyote.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na ugumu wa masomo. Fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki, mbinu za utafiti uwandani, vyote vibaki, na vikazwe zaidi. Mtu anayetaka umahiri wa isimu halafu hawezi kuchanganua kitenzi cha lugha ya Kibantu kiambishi kwa kiambishi, arudishwe tu. Kwetu B ndiyo alama ya kufaulu, chini ya hapo unarudia somo. Ni sawa. Hilo ni jambo unaloweza kulipigania kwa kukesha.

Ninalolilalamikia ni lile ambalo hata ukikesha mwaka mzima halisogei.

Mada yangu ni kauli ya utendea (kama pika inavyokuwa pikia) katika Kizaramo, lugha ya wenyeji wa mji huu tunaoishi. Wanaoizungumza vizuri ni wazee, vijana wao wameshahamia Kiswahili kitambo. Utafiti kama huo ni wa kuukimbilia. Mimi kabla sijamwuliza mzee mmoja neno moja, nilianza na barua ya chuo, ambayo yenyewe ilisubiri sahihi. Nikaipeleka Kibaha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, nikapewa barua ya kwenda wilayani Kisarawe, wilayani nikapewa ya kwenda kata, kata ikaniandikia kwenda kijijini. Kila ofisi unaacha nakala, unaambiwa upite baada ya siku kadhaa. Nauli yako, ruhusa ya mwajiri umeomba wewe. Kibali nakielewa, watu wa kijiji wana haki ya kujua nani anawarekodi na kwa nini. Lakini kwa nini barua moja isiende kote huko kwa barua pepe siku moja?

Hapo bado hatujafika kwa msimamizi.

Msimamizi wangu ni msomi haswa, namheshimu, na akikaa chini kusoma anasoma kwelikweli. Shida ni kumpata akae chini. Sura ya tatu nilimpelekea masika, maoni yakaja vuli. Katikati hapo ni WhatsApp: "Shikamoo Dokta, samahani, umepata nafasi ya kupitia sura ya tatu?" Tiki mbili za bluu. Baada ya wiki: "Marahaba, nitaiangalia." Sikatai kwamba ana wanafunzi wengi, anafundisha, anasahihisha, anasafiri. Basi chuo kisimpe wanafunzi wasiosimamika! Kanuni zetu zina tarehe za mwisho kibao kwa mwanafunzi, na kila tarehe ina faini yake. Kwa msimamizi ipo tarehe, ila akiipita hakuna kinachompata. Nitakayetozwa ni mimi.

Kisha kuna hii programu ya kukagua wizi wa maandishi. Hapa ndipo wanaisimu tunaonewa waziwazi, nataka watu wa fani nyingine waelewe. Tasnifu yetu imejaa mifano. Kila mfano una mistari mitatu: sentensi yenyewe, maelezo ya kila mofimu (kipande kidogo cha neno chenye maana), na tafsiri. Chukua neno la Kiswahili tu, alimpikia. Unalikata a-li-m-pik-i-a, halafu chini unaandika: nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita, yambwa, mzizi, utendea, kiishio. Hivyo ndivyo inavyofanywa, kwa kufuata kanuni za Leipzig ambazo wanaisimu wa dunia nzima wanazitumia, ili mtu wa Japani na wa Kisarawe wasome mfano mmoja na kuelewa kitu kimoja. Sasa hiyo mashine inaona "nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita" imo kwenye maandishi ya watu mia, inapaka rangi nyekundu ukurasa mzima, asilimia inapanda, ofisi inakuambia umezidisha kiwango, rudi kaandike upya kwa maneno yako mwenyewe. Nafsi ya tatu umoja niiandike kwa maneno yangu mwenyewe? Nilimweleza ofisa, akanijibu mfumo ndio umesema. Nilichoelekezwa na wenzangu ni kugeuza majedwali yawe picha ili mashine isiyasome. Nilikataa. Data ya lugha inayopotea haifungiwi kwenye picha ambayo mtafiti wa kesho hawezi hata kuitafuta neno. Niliandika barua, mkuu wa idara akaipitisha kwa mkono, na muhula mwingine ukawa umekatika hapo.

Halafu pambizo. Nilirudishiwa nakala zote kwa sababu pambizo ya kushoto ilipungua kidogo kwenye kurasa zenye majedwali. Ofisa alipima kwa rula, mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa. Kuchapa upya na kubaindi steshenari ni pesa yangu. Natamani rula hiyohiyo ingepima na siku ambazo tasnifu inakaa kwa watahini.

Maana huko ndiko iliko mpaka sasa. Kuna mtahini wa ndani na mtahini wa nje, na siwezi kuitetea mpaka ripoti zote mbili zirudi. Ya ndani imerudi. Ya nje haijarudi, na ukiuliza unaambiwa huruhusiwi kumjua mtahini wala kumfuatilia. Sawa, siri ya mtihani naiheshimu. Basi nani anamfuatilia?

Na juu ya yote, sasa tumeambiwa kila mhitimu awe na makala iliyokubaliwa na jarida. Majarida ya isimu ya maana hapa nchini yanahesabika, na kusomwa na wataalamu kabla ya kukubaliwa kunachukua miezi, ndivyo inavyotakiwa. Matokeo yake wenzetu wanakimbilia yale ya mtandaoni yanayotuma ujumbe "tuma makala leo, tunachapisha baada ya siku tatu", unalipia kwa dola. Chuo kinayapokea. Yaani kikwazo kilichowekwa ili kuinua ubora kinawafundisha watu kununua.

Ninachodai si upendeleo. Siku tasnifu au sura inapopokelewa igongwe muhuri wa tarehe, na kuanzia siku hiyo ada ya kuongeza muda isihesabike mpaka irudi mikononi mwa mwanafunzi. Msimamizi akipitisha muda bila sababu, idara imteue mwingine bila mwanafunzi kuonekana mkorofi. Hili la mashine liamuliwe na watu waliosoma isimu.

Waliopita vyuo vingine, huko kwenu mnatozwa pia wakati kazi iko kwa watahini? Na kuna yeyote aliyewahi kuipinga ankara ya namna hii akafutiwa? Kama yupo, barua aliipeleka kwa nani, idarani, kwa mkurugenzi wa uzamili au moja kwa moja TCU? Yangu nimeshaiandika, nataka kujua pa kuipeleka kabla tarehe ya malipo haijafika.