Ulinganisho: Tutegemee nakala ipi kurejesha hifadhidata ya utafutaji iliyo kwenye wingu?

Mwanzilishi wa uzi (Nairobi)

Habari zenu, wenzangu. Ninasimamia mfumo wa utafutaji wa duka la mtandaoni linalouza vipuri vya magari. Wateja wetu wengi ni mafundi wa gereji na wenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambao hutafuta kwa namba ya kipuri au kwa jina walilolizoea kazini. Tunatumia Amazon OpenSearch Service, huduma ya utafutaji kwenye wingu la Amazon, katika kanda ya Cape Town.

Data ya bidhaa na bei imo katika PostgreSQL, hifadhidata yetu ya msingi, lakini faharasa ya utafutaji (orodha ambayo mfumo huitafuta) ina vitu vitatu ambavyo havipo huko: orodha ya visawe inayouambia mfumo kwamba anayeandika "shokamzoba" anatafuta kile kile kilichoandikwa kwa jina jingine katika katalogi ya kiwanda, vekta za maelezo ya bidhaa (namba zinazowakilisha maana ya maelezo hayo), na alama za umaarufu zinazotokana na mibofyo ya wateja.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni kutegemea snapshoti, yaani nakala za faharasa kama ilivyo kwa wakati fulani, ambazo huduma yenyewe huzichukua. Ya pili ni kuchukua snapshoti zetu na kuziweka katika hifadhi yetu ya S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili. Ya tatu ni kutokuwa na nakala kabisa, na kuijenga faharasa upya kutoka PostgreSQL pindi itakapoharibika. Ningependa kusikia mngechagua ipi na kwa nini, na kama jibu hubadilika mtu akihamia huduma nyingine.

Mhandisi wa utafutaji (Westlands)

Shukrani kwa kuyaeleza mambo kwa kina, ndugu, kwa sababu jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Vitu hivyo vitatu visivyo na chanzo kingine ndivyo vinavyoamua.

Nianze na njia ya kwanza. OpenSearch Service huchukua snapshoti kila saa na kuzihifadhi kwa siku 14, yaani hadi snapshoti 336, bila malipo ya ziada. Huo ni ulinzi mzuri dhidi ya ajali ya kawaida, kwa mfano mtu akifuta faharasa asubuhi, unairejesha kama ilivyokuwa saa iliyotangulia. Hata hivyo, snapshoti hizo zimekusudiwa kuokoa klasta (kundi la seva za huduma) ile ile. Huwezi kuzitumia kuhamishia data kwenye klasta nyingine, na hitilafu ikigunduliwa baada ya wiki tatu hutapata kitu cha kurejesha. Hitilafu za utafutaji huchelewa kugunduliwa mara nyingi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mteja asiyepata kipuri hupiga simu duka jingine badala ya kuwasilisha malalamiko.

Njia ya pili huondoa vikwazo hivyo viwili, ila ina kazi yake. Unahitaji jukumu la IAM (mfumo wa ruhusa wa Amazon) lenye ruhusa ya kusoma na kuandika katika hifadhi ya S3, ruhusa ya kulikabidhi jukumu hilo kwa huduma, na ombi lililotiwa saini la kusajili hazina ya snapshoti. Ukishaisajili, kila snapshoti mpya huongeza tu sehemu ambazo hazikuwemo katika zilizotangulia, kwa hiyo gharama haikui kwa kasi ambayo mtu angeihofia. Lakini kwa sababu snapshoti hutegemea faili zinazoshirikiwa, kamwe usiingie S3 ukafuta faili za zamani kwa mkono. Futa snapshoti kupitia API ya OpenSearch (njia yake ya kupokea amri za programu), nayo itajua faili zipi bado zinahitajika. Vilevile, usiweke kanuni ya kuhamishia faili hizo Glacier, hifadhi ya Amazon ya kumbukumbu za muda mrefu, ili kupunguza gharama, kwani snapshoti hazisomeki kutoka huko.

Sasa suala la visawe, ambalo ndilo ningekuomba ulikazie macho. Ikiwa mmevipakia kama pakiti maalumu (faili linalotunzwa na huduma nje ya faharasa), faharasa haibebi maneno yenyewe. Katika mipangilio yake kuna kitambulisho tu cha pakiti, kinachoanza na herufi F na kufuatwa na tarakimu. Snapshoti itarejesha faharasa pamoja na kitambulisho hicho, lakini pakiti haitakuja nayo. Ukirejesha kwenye klasta mpya ambayo haijaunganishwa na pakiti hiyo, faharasa haitapata visawe inavyovihitaji. Kwa hiyo faili la visawe liwekwe katika Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, pamoja na muundo wa faharasa na mipangilio yake yote.

Msimamizi wa seva (Ngong Road)

Niongeze jambo moja fupi, kwa kuwa bado nalisikia likisemwa ofisini: kuwa na nakala tatu za kila kipande cha faharasa ndani ya klasta si kuwa na nakala rudufu. Nakala hizo hukulinda seva moja ikianguka. Amri ya kufuta faharasa huzifuta zote kwa pamoja.

Mwanafunzi wa hifadhidata (Juja)

Mimi naunga mkono njia ya tatu kwa dhati. Hifadhidata ya utafutaji haifai kuwa mahali pekee data inapoishi, na mkilitimiza hilo, kujenga upya kunawapa kitu ambacho snapshoti haiwezi kuwapa, yaani uhuru wa toleo. Faharasa iliyoundwa matoleo makuu mawili nyuma haifunguki katika toleo jipya, na snapshoti ya toleo jipya hairudi kwenye la zamani. PostgreSQL haijali mambo hayo.

Mhandisi wa utafutaji (Westlands)

Hoja yako ni nzito, na kwa data ya bidhaa nakubaliana nawe. Ninapotofautiana nawe ni kuhusu muda na gharama. Vekta zikizalishwa upya, modeli ya akili bandia inayozizalisha hulipwa upya kwa kila maelezo ya kila bidhaa, na wakati huo wote fundi aliye na gari limefunguliwa injini anasubiri. Ndiyo maana ningependa vekta zihifadhiwe pia PostgreSQL pindi zinapozalishwa, na alama za umaarufu ziandikwe huko kwanza kabla ya kupelekwa katika faharasa. Mkishafanya hivyo, njia ya tatu inakuwa salama, na snapshoti inabaki na kazi ya kuwarudisha hewani haraka.

Mtakapojenga upya, pakieni data katika faharasa mpya isiyotumiwa na wateja, mkiwa mmezima usasishaji wa mara kwa mara na kuweka idadi ya nakala za vipande ndani ya klasta kuwa sifuri hadi upakiaji utakapokwisha. Kisha hamisheni lakabu (jina la badala la faharasa) kutoka faharasa ya zamani hadi mpya kwa ombi moja. Programu ya duka ikitafuta kwa lakabu badala ya jina halisi la faharasa, mteja hatatambua mabadiliko yoyote.

Msanifu wa mifumo (Upper Hill)

Kuhusu kuhama, jibu hubadilika sana. Elastic Cloud, huduma ya utafutaji ya kampuni ya Elastic, kwa kawaida huchukua snapshoti kila dakika 30 na kuhifadhi zisizozidi 100, yaani takriban siku mbili za historia msipobadilisha sera hiyo. Azure AI Search, huduma ya utafutaji ya Microsoft, haina kabisa njia rasmi ya mteja kujichukulia nakala na kuirejesha, kwa kuwa Microsoft haiichukulii kama hifadhi ya msingi ya data. Mtu anaweza kuzisoma hati kupitia maswali na kuziandika katika faili za JSON, lakini kuruka kurasa kunaishia kwenye hati 100,000, hivyo faharasa kubwa zaidi lazima igawanywe kwa kichujio. Pia sehemu zisizoruhusiwa kurudishwa katika matokeo hazitoki, na ramani za visawe ni kitu cha pekee kinachoundwa upya. Huko njia ya tatu ndiyo njia yenyewe.

Mwanzilishi wa uzi (Nairobi)

Nashukuru sana. Je, kuna faida ya kushusha snapshoti hadi kwenye seva ya ofisi hapa Nairobi?

Msimamizi wa seva (Ngong Road)

Faida ni ndogo. Gigabaiti 200 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa nne kila upande hata kama laini haina mtumiaji mwingine, na sote tunakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika. Wekeni nakala ya pili katika akaunti tofauti ya wingu, yenye wasimamizi tofauti, ili anayeweza kufuta klasta asiweze kufuta na nakala.

Mshauri wa faragha (Kilimani)

Naomba msisahau Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ikiwa mibofyo inahusishwa na akaunti za wateja, na mteja ameomba data yake ifutwe kwa mujibu wa kifungu cha 40, snapshoti ya kabla ya ombi hilo itairudisha data hiyo mara tu mtakapoirejesha. Tunzeni orodha ya vitambulisho vilivyofutwa nje ya faharasa, na hatua ya kwanza baada ya urejeshaji wowote iwe kuvifuta tena kabla ya lakabu kuhamishwa. Pia Cape Town iko nje ya Kenya, kwa hiyo masharti ya kifungu cha 48 kuhusu kuhamisha data nje ya nchi yanawahusu hata kwa nakala.

Mwanzilishi wa uzi (Nairobi)

Basi tutahamishia vekta na alama PostgreSQL, tutaweka visawe Git, na tutachukua snapshoti zetu kila usiku huku zile za kila saa zikiendelea. Swali langu la mwisho ni kuhusu jaribio: ninawezaje kujaribu urejeshaji bila kuigusa faharasa inayotumika?

Mhandisi wa utafutaji (Westlands)

Rejesha faharasa ya bidhaa peke yake, kwa jina jipya, ukitumia vigezo vya kubadilisha jina, rename_pattern na rename_replacement, kwa sababu OpenSearch haitakubali kurejesha juu ya faharasa iliyo wazi yenye jina lile lile. Usiombe kurejesha faharasa zote, kwani zile za mfumo kama .kibana na .opendistro_security zitagongana na zilizopo na ombi zima litakataliwa. Ikishafunguka, linganisha idadi ya hati na ile ya PostgreSQL, kisha tafuta "shokamzoba" na uone kama vipuri sahihi vinatokea. Rudia jaribio hilo kwenye klasta ndogo ya muda iliyo katika akaunti ile nyingine, kwa maana huko ndiko pakiti ya visawe itakakokosekana.