Mrejesho: Nimechukua Prado ya dizeli

Ndugu zangu, niliomba ushauri kati ya Land Rover Discovery 4 na Toyota Land Cruiser Prado, zote za dizeli na zilizotumika, nikihofia hasara siku ya kuuza. Nawashukuru kwa dhati. Nimechukua Prado ya mwaka 2016 yenye injini ya 1GD-FTV ya lita 2.8, ambayo hutumia cheni ya taimingi (inayooanisha mwendo wa vali na pistoni) badala ya mkanda.

Kabla ya kulipa, fundi alitaka aikute injini ikiwa ya baridi kabisa, kwa kuwa iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Aliiwasha, akafungua kifuniko cha oili aone kama kuna mvuke unaosukuma kwa nguvu, dalili ya injini iliyochoka, kisha akachunguza kichujio cha masizi kwenye ekzosi, maana safari fupi za foleni za Dar es Salaam hukiziba.

Discovery ilinivutia zaidi kwa utulivu wake barabarani, lakini springi zake za hewa ni gharama ambayo mnunuzi makini huikata kwenye bei. Prado ina wateja mjini na mikoani. Risiti za sevisi nazihifadhi pamoja na kadi ya gari, kwani ndizo nitakazomwonyesha mnunuzi atakapoanza kushusha bei.